Mkoba wa ngozi uuze shilingi ngapi? Njia tatu za kupanga bei, zikishindanishwa

Mteja akiuliza, "Fundi, huu mkoba bei gani?", jibu huwa limechotwa mahali. Kuna fundi anayepiga hesabu ya ngozi, uzi na siku alizokaa nao. Kuna anayekumbuka jirani wa fremu ya pili anauzaje. Na kuna anayemtazama mteja viatu kwanza. Zote ni njia halali za kupanga bei, ila kwa kazi ya mikono majibu yake hupishana sana, na tofauti inaweza kuwa ndiyo kodi yako ya mwezi.

Hapa nazishindanisha kwa vitu vitatu ambavyo karibu kila karakana ya ngozi inavitoa: mkanda, waleti na mkoba wa begani. Namba ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania. Ukiwa Nairobi au Kampala weka zako. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kupiga gharama ni lazima kwa kila fundi. Kufuata soko kunakusaidia kuchagua utengeneze nini, lakini ukikuachia kukupangie bei, kutakumaliza. Kumwangalia mnunuzi ndiko kunakolipa vizuri kuliko vyote, ila hakufai kwa kila kitu wala kwa kila mahali unapouzia.

Kupiga gharama

Wengi wetu tunadhani tunaifanya, kumbe tunahesabu ngozi na bizimu tu, kinachobaki tunakiita faida. Hicho kinachobaki kina mshahara wako ndani, kina kodi ya fremu, kina na ile sindano ya cherehani iliyokatika wiki jana.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayodanganya. Viwanda huuza ngozi ya juu kwa futi ya mraba (ya soli nene mara nyingi hupimwa kwa kilo). Futi moja ya mraba ni kama sentimita za mraba 929. Ukiichora waleti ya kukunja, na mifuko yake ya kadi ndani, inakula robo tatu ya futi. Lakini hukununua robo tatu. Ulinunua ngozi nzima, yenye tumbo linalolegea, shingo yenye mikunjo, alama za miiba na kupe, na pengine chapa ya mwenye ng'ombe iliyokaa katikati ya paja, mahali hasa ulipotaka kukata. Ng'ombe wetu wa malisho hawalindwi na ukuta, na maisha yao yote yameandikwa kwenye ngozi. Mimi huongeza robo juu ya kipimo cha kitu, yaani nachukulia kwamba moja ya tano ya ngozi itabaki chini ya meza.

Hapo ndipo ngozi ya bei chee inapoumbuka. Tuseme ngozi nzuri ni 5,000 kwa futi na inapotea asilimia 20: futi inayotumika imekugharimu 6,250. Ile ya gredi ya chini ni 3,500, lakini asilimia 45 haifai: futi inayotumika imefika karibu 6,360. Umepoteza, na bado hujahesabu muda wa kukizungusha kiolezo huku na huku ukitafuta mahali pasipo na kovu.

Mkanda una ujanja wake. Wenye urefu wa sentimita 115 na upana wa tatu na nusu haufikii hata nusu futi ya mraba. Ukiuhesabia nusu futi utajiibia, kwa sababu mkanda unataka mgongo: ngozi nene ya milimita tatu na zaidi, ndefu, iliyonyooka, isiyovutika. Sehemu hiyo ni chache, na kila ukanda unaoukata unaacha ngozi iliyobaki ikiwa ya daraja la chini. Mimi mkanda nauhesabia futi nzima. Vishikio vya funguo na vya kadi vinavyotoka kwenye mabaki navihesabia ngozi kwa bei ndogo. Jumla inarudi palepale, ila kila kitu kimebeba mzigo wake.

Na uangalie ni ngozi ya aina gani. Iliyosindikwa kwa kemikali ya kromu hutoka kiwandani haraka, ni laini na inafaa mikoba. Iliyosindikwa kwa dawa ya magome, kama ya miti ya miwati inayolimwa Njombe, huchukua wiki kadhaa kiwandani, ni ngumu zaidi, inakubali kuchorwa na kung'arishwa kingo. Muda huo wa kiwandani unaulipia kwenye bei ya futi. Ukibadilisha aina ya ngozi bila kubadilisha bei ya kitu, umeongeza gharama kimyakimya.

Halafu muda. Tuseme unataka mwezi ukuachie 600,000 za kupeleka nyumbani. Fremu, umeme, bando, nauli, visu na matengenezo ya cherehani ni 240,000. Jumla 840,000. Siku 26 za saa nane ni saa 208, na kosa la kawaida ni kugawa kwa hizo 208. Hukai mezani saa 208. Unafuata ngozi, unajibu wateja WhatsApp, unapeleka kifurushi stendi, unasubiri umeme urudi. Saa za kukata na kushona kwelikweli tuseme ni 120. Gawanya 840,000 kwa 120: saa moja ya mezani ni 7,000.

Sasa vitu vyetu vitatu:

| | Mkanda | Waleti | Mkoba |
|---|---|---|---|
| Ngozi (5,000 kwa futi) | futi 1: 5,000 | futi 1: 5,000 | futi 9: 45,000 |
| Bizimu, zipu, uzi, gundi, rangi, bitana | 5,000 | 1,000 | 16,000 |
| Muda (7,000 kwa saa) | saa 1½: 10,500 | saa 3: 21,000 | saa 9: 63,000 |
| Gharama | 20,500 | 27,000 | 124,000 |
| Faida ya karakana, asilimia 20 | 4,100 | 5,400 | 24,800 |
| Bei ya chini kabisa | 24,600 | 32,400 | 148,800 |

Faida hiyo ya asilimia 20 si mshahara; mshahara umeshakaa kwenye saa. Hii ni ya kununulia mashine ya kuchongea ngozi, na ya kukuvusha Aprili na Mei, masika yanapokwamisha kila kitu na watalii wamepungua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inakuonyesha sakafu, yaani bei usiyopaswa kushuka chini yake. Ubaya wake ni kwamba inamlipa fundi mzito kuliko fundi mwepesi. Anayeshona waleti kwa saa tano atapata bei kubwa kuliko wewe wa saa tatu, kwenye karatasi. Dukani hakuna anayejali.

Kufuata soko

Njia ya pili ni kuzunguka. Unaingia Kariakoo, unatazama, unauliza kama mnunuzi, unaandika. Kwa muuza sukari inatosha. Kwa fundi wa ngozi ina mtego, kwa sababu kwenye meza moja utakuta vitu vitatu vinavyofanana kwa mbali na vina bei za dunia tofauti.

Cha kwanza ni ngozi bandia. Mkanda wa plastiki iliyopigwa mhuri wa mistari ya ngozi utauzwa bei ambayo bizimu yako peke yake inaikaribia. Huyo usimfuate. Cha pili ni kazi ya kiwandani ya ngozi halisi. Kiwanda kama cha Karanga, Moshi, kinanunua ngozi kwa wingi na kukata kwa mashine. Saa zake tatu hazilingani na saa zako tatu. Cha tatu, ambacho mafundi wengi hukisahau, ni mtumba. Mkoba wa ngozi halisi uliotumika Ulaya unaweza kufunguliwa kwenye belo na kuuzwa bei ambayo ngozi yako tupu hainunuliki. Mama anayejua mtumba anajua na ngozi, anainusa, anaikunja, anatazama mshono. Mtumba huo ndio mshindani wako wa kweli kwenye mkoba, na huushindi kwa bei. Unaushinda kwa kipimo: laptopu ya mteja iingie, mkanda ufike begani pake, na zipu ikiharibika ajue pa kuipeleka.

Kwa hiyo bei ya soko nailinganisha na sakafu yangu kwa swali moja tu: kitu hiki nikitengeneze au nikiache? Hapa waleti ndiyo inayoumia. Watu hulipia ukubwa. Wanashika mkoba, wanaona kazi. Wanashika waleti, wanaona kipande cha kiganja, ilhali kazi imejificha ndani: mifuko minne ya kadi, kila mmoja umechongwa ukingo uwe mwembamba, umegundishwa, umeshonwa chini kabla ya kufunikwa na mwingine. Mkanda una saa moja na nusu na mnunuzi anauona mrefu. Waleti ina mara mbili yake na mnunuzi anaiona ndogo.

Soko likikataa 32,400 yako, una njia mbili za heshima. Uihamishe waleti iende kwa mnunuzi mwingine, au uichore upya. Kishikilia kadi cha vipande viwili, kilichotoka kwenye mabaki, tuseme ngozi ya 2,000, uzi na gundi 500, saa moja 7,000: gharama 9,500, pamoja na faida 11,400. Kinauzika karibu popote, na mkononi kinaonekana ni kazi ileile. Njia ya tatu, ya kushusha bei ya waleti mpaka iende, ndiyo inayofanya fundi afanye kazi mwaka mzima na mtaji uishe.

Kumwangalia mnunuzi

Simaanishi kumpandishia bei aliyevaa vizuri. Hiyo inajulikana haraka, hasa siku hizi ambapo picha ya mkoba na bei yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla mteja hajafika nyumbani. Namaanisha kujiuliza kitu hiki kinamfanyia nini mtu huyu, na bila hicho angelipa nini.

Wakili anayetaka mkoba wa majalada, wenye kipimo cha karatasi za mahakamani na herufi za jina lake, hana mahali pengine pa kuupata tayari. Bibi harusi anayetaka makubadhi ya ngozi yaliyotiwa shanga rangi ya sare ya familia ana tarehe, na tarehe haisogei. Kampuni inayotaka zawadi za mwisho wa mwaka inalinganisha jalada lako la shajara na zawadi nyingine za ofisini, wala haifikirii bei ya meza ya mtaani. Kwa wote hao sakafu, kama ile 148,800 ya mkoba, ni namba ya kwako moyoni. Si namba ya kutamka.

Oda ya kampuni inastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ina asali na ina nyuki. Majalada 50 ya kipimo kimoja unamchongesha fundi chuma kisu cha umbo, unakata kwa kugonga, na muda wa kila kimoja unashuka. Gharama inashuka, bei haina sababu ya kushuka kwa kiasi hichohicho. Upande wa pili, watataka risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na wanaweza kulipa baada ya siku 30, 60 au zaidi. Ngozi utainunua taslimu. Dai advansi inayofunika vifaa vyote, nusu ya bei au zaidi, na kama hawatoi advansi, ongeza bei ya kusubiri. Kwenye kodi ya ongezeko la thamani, tangu Julai 2023 kiwango cha lazima cha kusajiliwa Tanzania Bara ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo na hajasajiliwa haruhusiwi kuitoza ile asilimia 18. Lakini uliyolipa wewe kwenye bizimu na zipu hairudi, hivyo ihesabu kama gharama.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inahitaji mnunuzi umjue. Kwenye meza ya maonesho ya Sabasaba, ambapo watu wanapita kama mto, hufanyi mazungumzo ya wakili. Pale weka mikanda na vishikilia kadi vyenye bei iliyoandikwa, mkoba mmoja au miwili ya kuonyesha, na daftari la oda.

Nani anauza: wewe, duka, au mali kauli?

Hapa ndipo bei nzuri nyingi zinapovunjikia. Tuseme mkoba umepanga rejareja 300,000, takribani mara mbili ya sakafu.

Duka likinunua taslimu kwa jumla, litataka karibu nusu ya bei ya rejareja. Unapata kama 150,000 leo, na kuuza ni kazi yao. Wengi wanaiona hasara. Turudi kwenye zile saa 88 zisizo za mezani. Ukiuza jumla, sehemu kubwa ya saa hizo inarudi kwenye meza. Zikifika 160 za mezani badala ya 120, ile 840,000 inagawanyika kuwa 5,250 kwa saa, na gharama ya mkoba inashuka kutoka 124,000 hadi 108,250. Sharti ni moja: oda ziwepo za kujaza saa hizo. Zisipokuwepo, umeuza nusu bei halafu umekaa bure.

Mali kauli ni habari nyingine. Unaacha mzigo, duka linauza, mnagawana. Duka halijaweka mtaji wake, kwa hiyo halistahili nusu. Thelathini hadi 35 kwa mia naona ni haki, zaidi ya hapo nachukua mkoba wangu. Kwa 35 utapata 195,000, siku utakayopata. Mtaji wako umening'inia kwenye ukuta wa mtu, na ukanda wa pwani una adui wa ziada: mkoba uliokaa Mji Mkongwe msimu wote wa mvua kwenye chumba kisicho na hewa huota ukungu, na mkoba wenye madoa meupe unarudishiwa wewe, si duka. Andikianeni: idadi, tarehe ya kuhesabu, nani anabeba kilichoharibika au kuibwa.

Ukiuza mwenyewe, 300,000 yote inaingia kwako kabla ya makato ya simu na usafirishaji. Kishawishi kinakuja hapo: "Mimi sina dalali, nauza 180,000." Siku duka litakapotaka mikoba yako huna pa kushuka. Litakuomba kwa 90,000, chini ya gharama, au litaweka cha juu mpaka 300,000 huku mteja anakuona Instagram kwa 180,000, anakufuata wewe, na duka linakutupa. Kama una nia ya kuingia madukani hata mwakani, uza kwa bei ya duka tangu leo. Kama huna nia hiyo kabisa, una wateja wako na unawatosha, basi 200,000 au 220,000 ni bei safi na huna sababu ya kuona aibu.

"Mwisho shilingi ngapi?"

Bei moja au maelewano? Kwa mkanda na vitu vidogo naandika bei na sishuki. Muda wa kuvutana kwa elfu mbili una thamani zaidi ya hiyo elfu mbili. Kwenye mkoba, mteja wetu asiposhushiwa chochote anaondoka na kinyongo hata kama bei ni nzuri, na kumwongezea dari juu ili uje kushusha ni mchezo ambao mteja mpole ndiye anayeulipia. Mimi napunguza kitu badala ya kupunguza bei. "Hii 300,000 ina bitana na zipu ya shaba. Ukitaka ya 250,000 naondoa bitana, naweka zipu ya kawaida." Wengi huchukua ile ya 300,000. Anayechukua ya 250,000 amepata alichokilipia, nawe hujagusa saa zako. Au mpe kishikio cha funguo cha mabaki. Kwake ni zawadi, kwako ni kipande kilichokuwa kinaelekea kwenye gunia la vipande.

Ukiahidi marekebisho ya bure, yawekee mwisho wake: mshono mwaka mzima, zipu miezi sita, rangi hapana. Na yaingize kwenye bei tangu mwanzo. Mkoba unaorudi kubadilishwa zipu unakula saa nzima ya kufumua na kushona upya, na saa ile ni 7,000 ileile.

Ukishachagua

Kwa anayeanza leo ningemwambia hivi: mkanda upange kwa gharama, uuze jumla bila wasiwasi, ndio unaolipa kodi ya fremu. Waleti iache mpaka upate wa kuilipia, tengeneza vishikilia kadi. Mkoba utengeneze kwa oda na advansi, kwa bei ya mnunuzi, na usijaze ukuta kwa mikoba ambayo hakuna aliyeiomba. Muda wa kila kitu uandike kwenye daftari angalau kwa vipande vya mwanzo, kwa saa ya ukutani, kwa sababu kichwa hukumbuka kushona na kusahau kung'arisha kingo.

Bei ipandishe pale foleni ya oda inapozidi mwezi mmoja, au kiwanda kinapopandisha futi. Maduka wape taarifa ya mwezi, oda ulizokwisha kupokea advansi zimalizie kwa bei ya zamani, na karatasi ya bei mpya iwe na tarehe juu, ili wa duka asije kukuonyesha ya mwaka juzi.